Baba ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), ati akifunga siku tatu mapafu yatajisafisha yenyewe?

SWALI: "Shikamoo daktari. Babangu ana miaka 63, tunakaa Likoni. Amevuta sigara tangu ujanani, paketi nzima kwa siku, mwaka jana ndio akapunguza sasa avuta tatu nne tu. Kazi yake ilikuwa kupakua mizigo bandarini Kilindini, klinka na ngano, vumbi tupu. Mwezi wa pili alipulizishwa ile mashine wakasema ni COPD, akapewa inhela mbili, moja ya asubuhi na jioni na ile ya bluu ya akibanwa. Anakunywa pia dawa ya presha ile ya kukojoza. Sasa kakangu ameleta klipu kwenye grupu ya familia, mtu aeleza ati seli zina mfumo wa kujisafisha, kuna Mjapani alipewa Nobel kwa hilo, na ukifunga masaa 72 kwa maji matupu seli zinakula uchafu wote na mapafu yanarudi mapya. Baba ameipenda sana hiyo habari manake inhela hazitaki, asema zinazoesha. Ashajaribu, siku moja na nusu akaanza kutetemeka tukamlazimisha uji. Mamangu naye amfukiza mwarobaini na ubani kila jioni. Je kuna ukweli wowote? Na kama seli zajisafisha zenyewe mbona zake hazikujisafisha miaka yote hii? Na Ramadhani afunge au asifunge?"

JIBU:

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na la haraka kabla sijaingia kwenye maneno mengi: hiyo ya masaa 72 ikome leo, na inhela ya asubuhi na jioni asiiache hata siku moja. Hayo mawili shikeni hata kama hamtasoma mbele. Yaliyobaki ntayaeleza polepole, sababu kuna swali lako moja limenikaa kichwani, lile la "mbona zake hazikujisafisha miaka yote". Hilo ni swali zuri kuliko klipu yote, na sidhani mwenye klipu alijiuliza.

Haya, klipu haikudanganya kila kitu. Mfumo upo, waitwa otofajia, neno la Kigiriki maana yake kujila mwenyewe, na aliyelitoa jina ni Mbelgiji mmoja Christian de Duve mwaka 1963. Huyo huyo ndiye aliyegundua lisosomu, vile vifuko vidogo ndani ya seli vilivyo na asidi na vimeng'enya (protini zinazovunja vunja vitu), kazi yake kuyeyusha taka. Mjapani ni Yoshinori Ohsumi, na Nobel ya tiba kweli alipewa 2016. Lakini uliza alipewa kwa kuchunguza nini: hamira. Hamira hii hii mamako anayotia kwenye unga wa mahamri. Ohsumi aliinyima hamira chakula, na kabla ya hapo alichagua hamira yenye hitilafu, isiyoweza kuyeyusha taka zikishafika pahali pake pa kuyeyushwa. Baada ya masaa machache akatazama kwa darubini akaona vifuko vimejazana tele. Mwaka 1993 akatoa orodha ya jeni 15 zinazoendesha kazi hiyo, na baadaye ikaonekana nyingi kati yake na sisi binadamu tunazo zinazofanana nazo.

Sasa tafadhali kumbuka hiyo ya hamira yenye hitilafu, ntairudia. Vifuko alivyoviona vilikuwa vingi hivyo kwa sababu mwisho wa njia palikuwa pamezibwa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ndani ya kila seli kuna vitu vinavyochakaa kila siku, protini zilizokunjika vibaya, mitokondria (hizo ndizo zinazotoa nguvu za seli) zilizochoka na kuanza kuvuja, na pengine bakteria aliyejipenyeza. Seli inazungusha utando wenye kuta mbili kukizunguka kile kitu chakavu mpaka kinakuwa ndani ya kifuko, halafu kifuko kinasafiri kwenda kuungana na lisosomu, asidi inafanya kazi yake, na vipande vinavyobaki vinarudishwa kujengea vitu vipya. Ni kama yule kijana wa mkokoteni anayepita mtaani kukusanya chuma chakavu, hakitupi, anakipeleka kikayeyushwe kiwe nondo. Na hii kazi haingoji mtu afunge. Hata sasa hivi babako akiwa ameshiba wali wa nazi, seli zake zinafanya, ila kwa mwendo wa chini. Njaa huongeza kasi, hilo kweli, manake seli ikikosa chakula cha nje inaanza kuchoma akiba na vyombo vya ndani. Kinachonishangaza mimi ni jinsi watu wanavyolichukulia kama kwamba ni injini iliyozimwa inayongoja ufunguo.

Jambo la pili ambalo klipu imelikoroga, na hata kwenye kliniki naliskia kila wiki, ni kuchanganya usafi wa aina tatu tofauti. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo mno, seli moja yabeba kama 200, vinapiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde vikisukuma balghamu kutoka chini kuja juu mpaka unaimeza au unaitema. Huo ni ufagio wa nje ya seli. Halafu chini kabisa kwenye vifuko vya hewa kuna seli walinzi, makrofaji, wanaokula vumbi na vijidudu. Halafu ndio sasa hii otofajia, usafi wa ndani ya seli yenyewe. Mtu akiskia "seli zajisafisha" picha inayomjia ni masizi ya sigara kuyeyuka na kutoka. Hayayeyuki. Lisosomu hujua kuvunja protini na mafuta, lakini masizi ni kaboni tupu, haina kimeng'enya cha kuivunja, ndio maana mapafu ya mvutaji wa zamani hukutwa na madoa meusi hata miaka ishirini baada ya kuacha. Ungefunga mwezi mzima lile jeusi lingebaki palepale.

(Na kwa vile nimetaja vumbi: ile imani ya wafanyakazi wa simenti na bandarini kwamba ukinywa maziwa jioni yanaosha kifua. Maziwa yanaenda tumboni. Kifuani hayafiki, na yakifika ujue umepaliwa. Anywe kama ayapenda, ni chakula kizuri, basi.)

Sasa turudi kwa swali lako. Fikiria uko Likoni, wewe mwenyeji huko hata sihitaji kukueleza, umesimama juu kwenye barabara watazama chini unaona foleni ya magari imefika mbali. Je waweza kusema leo magari mengi yamevuka? Huwezi. Yaweza kuwa ni siku ya watu wengi na feri zafanya kazi zote, na yaweza kuwa feri mbili zimesimama na hakuna kinachovuka. Foleni ni ile ile kwa macho. Lazima uhesabu yanayoshuka upande wa pili.

Ndivyo ilivyowatokea wanasayansi na mapafu ya COPD. Walichukua vipande vya mapafu ya wagonjwa wakaona vile vifuko vya otofajia ni vingi kuliko kwa watu wenye afya, na wa kwanza wakasema basi kujisafisha kumezidi, seli zajila mpaka zajimaliza. Na kulikuwa na ushahidi upande huo: panya wa maabara walionyimwa jeni moja ya hiyo kazi, wakavutishwa moshi wa sigara miezi, mapafu yao yaliharibika kidogo kuliko ya wenzao. Panya wengine wenye upungufu kama huo, vile vinyweleo vya ufagio havikufupika kama vya wenzao. Manake moshi unaharibu protini za vinyweleo, na seli katika kuzisafisha inaishia kuukata ufagio wake mwenyewe. Hebu fikiria hiyo: usafi wa ndani unaharibu usafi wa nje. Ukiongeza kasi hapo wamsaidia mgonjwa au wamuumiza?

Halafu wakaja wengine wakatazama seli walinzi za wavutaji sigara, na huko wakaona kinyume. Vifuko vingi, ndio, lakini havifiki. Foleni ndefu, feri imesimama. Protini chafu zimerundikana, mitokondria chakavu hazitolewi, na bakteria aliyemezwa hapelekwi kwenye lisosomu kama inavyotakiwa. Ni kile kile Ohsumi alichokiona kwenye hamira yake yenye hitilafu, isipokuwa hapa aliyeleta hitilafu ni sigara. Na hii inaeleza kwa sehemu mbona wavutaji hupata maambukizi ya kifua kila mara. Kwa hiyo wa kwanza hawakukosea na wa pili hawakukosea, inategemea umetazama seli gani, na ugonjwa umefika wapi. Kwenye mambo ya mitokondria mpaka leo ubishi haujaisha.

Basi jibu la "mbona hazikujisafisha" ni kwamba zilijisafisha. Kila siku, miaka arobaini, ndani ya moshi na vumbi la klinka, zilikuwa zafanya kazi. Kilichotokea ni kwamba taka zilizidi mikokoteni, halafu moshi huo huo ukaanza kuvunja mikokoteni na kuziba jaa. Na la tatu, ambalo ndilo zito, sehemu kubwa ya ugonjwa wa babako sio uchafu. Seli za kinga zilizokasirishwa na moshi zinamwaga vimeng'enya vinavyokula zile nyuzi laini za kunyumbuka kama mpira zinazoshikilia kuta za vifuko vya hewa, kuta zinatoboka, vifuko vidogo vinaungana vinakuwa mapango makubwa yasiyo na kazi, ndio yaitwa emfisema. Njia za hewa nazo zinapata kovu na kuwa nyembamba. Kufagia hakuinui ukuta ulioanguka. Hakuna saumu wala dawa leo hii inayozirudisha hizo kuta, na mtu akikwambia mapafu "yanarudi mapya" mwombe akuonyeshe karatasi ya mashine ya kupuliza kabla na baada.

Utaniuliza, basi madaktari mbona hawatoi dawa ya kurekebisha hiyo otofajia? Wanajaribu, na ntakupa kisa kimoja ambacho mimi hunitia adabu kila nikikikumbuka. Kuna ugonjwa mwingine wa mapafu kujaa makovu bila sababu inayojulikana, tofauti na COPD. Huko otofajia yaonekana iko chini, haitoshi. Kukawa na dawa, everolimus, inabonyeza swichi ile ile ambayo njaa huibonyeza. Kwenye karatasi ilikuwa mantiki tupu. Wakaipima kwa wagonjwa, wengine wakapewa dawa wengine kidonge kitupu, matokeo yakachapishwa 2011: waliopewa dawa hali zao ziliharibika haraka zaidi. Hiyo dawa inabonyeza mambo mengine mengi pia, kwa hiyo sisemi otofajia ndio iliyowaumiza, nasema tu kwamba mantiki nzuri na mwili wa mtu ni vitu viwili.

Na hakuna kipimo cha hospitali cha kuonyesha otofajia ya mtu imepanda au imeshuka. Sio Mombasa, sio Nairobi, sio London. Kwa hiyo anayekwambia "saa ya 48 inaanza, saa ya 72 inafika kilele" hiyo saa ameitoa mwenyewe, mara nyingi kwa panya, na panya kutokula siku moja sio sawa na mtu kutokula siku moja, mwili wake ni mdogo na unachoma haraka mno.

Sasa hebu tumtazame babako huyu, tuache seli. Mtu wa COPD atumia nguvu nyingi kuvuta pumzi tu kuliko mimi na wewe, misuli ya kifua na mbavu iko kazini usiku na mchana. Akikaa siku tatu na maji matupu mwili ukimaliza akiba ya sukari unaanza kuvunja misuli, na haichagui, inachukua hata ya kupumulia. Wagonjwa wa COPD wanaokonda ndio wanaotutia wasiwasi, hao ndio wanaolazwa na kufariki mapema. Juu ya hapo yuko kwenye dawa ya kukojoza, nyingi za hizo zatoa potasiamu mwilini, inhela ya bluu nayo yaishusha potasiamu ya damuni, na asiyekula haingizi nyingine. Potasiamu ikishuka sana moyo unapiga ovyo. Kule kutetemeka kwake siku ya pili yaweza kuwa sukari, yaweza kuwa potasiamu, yaweza kuwa ni ile ya bluu aliipiga nyingi na tumbo tupu, vyovyote vile uji ule mlimpa kwa akili. Wala sio uchafu unatoka, kama najua watu wa klipu watakavyosema.

Kuna na hili la TB, manake tuko Pwani na haliwezi kupita bila kutajwa. Ni kweli mwaka 2004 watafiti walionyesha kwenye seli za maabara kwamba zikinyimwa chakula zinammeza na kummaliza kijidudu cha TB vizuri zaidi. Watu wakashangilia. Lakini tazama kwa watu wenyewe, sio seli: utapiamlo ni moja ya sababu kubwa kabisa za mtu kupata TB, na huko Jharkhand India, utafiti uliotoka 2023 uliwapa chakula cha ziada familia zinazokaa na mgonjwa, TB mpya zikapungua kwa karibu asilimia 40. Seli ikishinda njaa kwenye kisahani cha kioo ni jambo moja, mwenye seli ni jambo lingine.

Haya, inhela. Ati zinazoesha. Ntakueleza neno hilo limetoka wapi: mtu anaanza inhela, anapata nafuu, anaacha, anabanwa tena, anasema nimezoeshwa. Basi na miwani pia inazoesha, ukiivua huoni. Dawa hizi hazileti uraibu, kinachorudi ni ugonjwa uliokuwepo. Ile ya asubuhi na jioni inashikilia njia wazi masaa kama 12, nayo haileti raha ya papo hapo ndio maana wazee huiona haifanyi kazi wakaiacha na kushikilia ile ya bluu tu. Ni kinyume na tutakavyo. Akiona ya bluu yaisha haraka kuliko zamani, hiyo ni habari ya kuniletea.

Na kabla hamjasema dawa haifai, mtazameni anavyoivuta. Nusu ya wazee ninaowaona wanaipulizia ulimi. Atikise, atoe pumzi yote kwanza, afunge midomo, abonyeze huku anaanza kuvuta taratibu mpaka mwisho, halafu azuie pumzi kama sekunde kumi. Mikono na pumzi haziendi pamoja? Chukua chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, toboa chini tundu la ukubwa wa mdomo wa inhela, iingie ikaze na uzibe pembeni kusivuje, avutie upande wa mdomo wa chupa. Sio mambo ya kienyeji hayo, Cape Town walilipima kwa watoto wenye pumu likachapishwa 1999, chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kile chombo cha dukani cha bei. Kama ya asubuhi na jioni ina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) asukutue maji ateme, ama atapata utando mweupe mdomoni. Zile za unga hazitumii chupa, hizo zavutwa kwa nguvu, angalieni ni ya aina gani.

Sigara tatu nne. Najua ametoka mbali, paketi nzima mpaka tatu sio mchezo, mpongezeni. Lakini hapa ndipo penye ile "kujisafisha" wanayoitafuta. Wamarekani walifuata wavutaji wenye mapafu yaliyoanza kuharibika miaka 11, wanaume walioacha kabisa walipoteza kama mililita 30 za pumzi kwa mwaka, walioendelea 66. Zaidi ya maradufu. Hakuna klipu, hakuna mti, hakuna dawa ya COPD niliyonayo kabatini yenye nguvu kama hiyo. Na ukiacha, vinyweleo vinaota tena, ndio mtu hukohoa zaidi wiki za kwanza, akadhani kuacha kumemdhuru akarudi. Mwambieni mapema. Nikotini ya kutafuna au ya kubandika yasaidia ile hamu, muulizie hospitali.

Mwarobaini na ubani naomba niongee kwa heshima sababu najua mamako afanya kwa mapenzi, na nyumba ya Mswahili bila udi sio nyumba. Lakini moshi ni moshi, pafu halijui huu ni wa ubani na huu ni wa sigara ya Sportsman. Shirika la Afya Duniani lasema katika nchi kama zetu sigara ni sababu ya COPD kwa asilimia 30 mpaka 40 tu, kubwa lingine ni moshi wa majumbani. Afukize siku baba ametoka, madirisha wazi, jiko la makaa litoke uani, na ile dawa ya mbu ya kuchoma iachwe mtumie neti. Mvuke wa mwarobaini nao hausafishi kitu, na nshaona mzee ameungua mapaja na sufuria, hiyo yatosha.

Kitu kimoja ambacho kimethibitika kumpa mgonjwa wa COPD pumzi na maisha bora, na hakuna anayekipenda, ni mazoezi. Kwenye panya mazoezi pia huongeza otofajia ya misuli, kwa hiyo kakako akitaka otofajia yake mwambie hii hapa. Jioni jua likipoa mvukeni feri, mpelekeni Lighthouse pale Mama Ngina, atembee mpaka pumzi imkatike kidogo, akae kitako, apulize midomo ikiwa imebanwa kama apuliza uji moto, ainuke tena. Dakika chache wiki hii, wiki ijayo aongeze. Wakati wa kupumzika ale muhogo wake. Ale vizuri kwa jumla, samaki, maharagwe, mayai, kidogo kidogo mara nyingi manake tumbo likijaa sana lasukuma mapafu. Na muulizie chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia.

Ramadhani. Saumu ya alfajiri mpaka magharibi sio ile ya masaa 72, mtu ana daku ana futari, kwa hiyo siiweki kapu moja. Kama kifua kimetulia, hajabanwa wiki kadhaa, uzito haushuki, inhela ya masaa 12 inaingia vizuri kwenye daku na futari. Inhela ya bluu mchana masheikh wamekhitilafiana, wako wasemao haifunguzi na wako wasemao inafunguza, muulizeni sheikh wenu mnayemwamini. La kwangu mimi ni moja: akibanwa, aipulize, asingoje adhana. Na akiwa bado abanwa mara kwa mara kama sasa, mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani, asijione mnyonge. Aje wiki tatu nne kabla ya mwezi tumpime, na tuitazame hiyo dawa ya kukojoza maana kwa joto letu na saumu, maji na chumvi zaweza kumwishia.

Kuna mambo sitaki myamalize kwa simu wala kwa duka la dawa. Kikohozi kimezidi wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, ama damu kwenye makohozi: apimwe TB hata kama ashaambiwa ni COPD, yote mawili hukaa kifua kimoja, na kipimo na dawa za TB ni bure hospitali za serikali. Na aliyevuta miaka arobaini akitema damu tutatazama na saratani, eksirei kwanza. Balghamu ikigeuka kijani ikawa nyingi na pumzi imepungua kuliko kawaida yake, aje siku hiyo hiyo, asinunue antibiotiki na vidonge vya steroidi kaunta kila mwezi kama wengi wanavyofanya, vile vya steroidi vikizoeleka huvunja mifupa na kupandisha sukari.

Lakini asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikawa ya bluu au kijivu, akaanza kuchanganyikiwa ama kusinzia sinzia ovyo, hiyo ni dharura, msianze kufikiria kuvuka feri mpaka hospitali kuu ya Makadara, anzieni hospitali iliyo karibu upande wenu huo huo. Na mkifika, kabla hajavishwa maski, mwambieni muuguzi kwa sauti kwamba huyu ni mgonjwa wa COPD, manake oksijeni yake haifunguliwi yote kwa nguvu kama ya mtu mwingine, inapimwa kwenye kidole na kushikiliwa kati ya asilimia 88 na 92.